Mwezi Niliojaza Gesi

Watu wengi hudhani upepo ni mmoja. Mimi niliyetoka skuli darasa la pili nilijua zamani kuwa upepo una ghorofa. Rubani mmoja mgeni, aliyewahi kurusha ndege zisizo na injini huko kwao, alinieleza siku moja kwamba ndege hizo huishi kwa kujua hewa ya juu inaelekea wapi. Nikamwambia hilo nnalijua, maana kazi ya kuipima haianzi mpaka nitie mkono mimi.

Kiwanja cha ndege niliingia kama mfagiaji, mara tu baada ya Mapinduzi. Hakuna aliyenishika mkono. Nilitazama wenzangu wanavyofanya, nikajifunza, na haukupita muda mrefu kujaza puto ikawa kazi yangu. Lilikuwa puto jeupe la mpira, tukilitia gesi ya mtungi mpaka mtu hawezi kulikumbatia. Nikiliachia, bwana wa hali ya hewa akilifuata kwa darubini ya miguu mitatu, na kwa namna lilivyokwenda akijua upepo wa kila kimo. Marubani wa ndege ndogo za Pemba na Dar es Salaam walikuwa hawaondoki bila ya kuuliza.

Ramadhani moja, siku ya ishirini na tisa, tulirusha puto la jioni. Kabla ya kuondoka nilichungulia darubini. Chini kaskazi ilikuwa ikilisukuma upande wa kusini, lakini lilipopanda likapokewa na matlai, upepo wa mashariki, likageukia magharibi juu ya bahari. Nikapanda baiskeli yangu kurudi Kikwajuni kufuturu.

Nilipofika, jua lilikuwa limeshazama. Kwenye uwazi mbele ya majumba mapya ya ghorofa watu wa mtaa walikuwa wamesimama, kokwa za tende mkononi, wakiutafuta mwezi. Mbele yao alikuwa baba mkwe wangu, fundi wa kushona kanzu. Kila mwaka yeye ndiye aliyekwenda kwa kadhi kuapa kuwa ameuona, na neno lake halijapata kurudishwa. Alijivunia mambo mawili, mshono wake na ushahidi wake. Lakini macho yalikuwa yashaingia ukungu. Siku hizo sindano alikuwa akitungiwa na mke wangu, na nje ya nyumba hakuna aliyejua.

"Ule pale," alisema, kidole juu ya wingu. "Mwembamba kama ukucha."

Wengine nao wakaona kitu kinang'aa. "Naam, upo, umeandama." Wakaanza kupeana mikono, na mzee akashika bakora yake aende kwa kadhi.

Nikatazama. Lilikuwa puto langu. Jua lilikuwa limetuacha sisi tulio chini, lakini kule juu puto lilikuwa bado linaliona, na ukingo wake mmoja unawaka. Mzee angekwenda kuapia mpira, halafu mmoja wa kiwanjani akasema kweli, asingesadikiwa tena maisha yake.

"Shikamoo, Baba. Usende kwanza."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Huo nimeujaza gesi mimi mwenyewe."

Watu wakacheka. Jirani yetu mchoma mishikaki akasema, "Jamani, mkwe wa fundi ana mwezi wake. Na unaofuata, wa Mfunguo Pili, ushautia gesi?"

Mzee hakucheka. "Unanambia sioni?"

Hapo nilitumia akili isiyofundishwa skuli. "Unaona sana, Baba. Hawa hawakukiona mpaka ulipowaonesha. Lakini mwezi mchanga hushuka kulifuata jua. Hicho kitapanda, kisha kitazimika. Kikishuka, nnakupakia baiskeli nikupeleke kwa kadhi mwenyewe."

Tukasimama. Kile kitu kikapanda, wingu likabaki chini yake. Kisha kikazimika kama taa iliyopulizwa. Mchoma mishikaki akashughulika na kokwa yake. Mzee akaitia bakora kwapani.

"Twendeni," alisema. "Uji unapoa."

Baada ya sala ya isha redio ikatangaza kuwa mwezi umeonekana Mkokotoni, kesho Idi. Mchoma mishikaki hakungoja, akaja mpaka mlangoni kwetu.

"Wewe karibu utufungishe siku ya Idi."

"Wa Mkokotoni wameuona mwezi," nikamwambia. "Nyinyi mlipeana mikono kwa ajili ya mpira."

Mzee alikuwa ndani, mkekani, akitusikia. Hakunishukuru, wala sikungoja shukurani. Alimwambia binti yake tu, "Mkatie mumeo mkate wa kumimina. Mpe kipande cha kati."

Mwaka uliofuata, siku ya ishirini na tisa, alinikuta mapema ninatoka na baiskeli kwenda kazini.

"Leo mnarusha?"

"Tunarusha, Baba. Kwa upepo huu litakuwa kushoto."

"Basi mimi," alisema, "nitatazama kulia."