Kamisi za Kijani

Kazini kwangu Wattaya, kwenye duka la vipuri vya magari, lilifika sanduku kutoka Hispania, vitu vimefungwa kwa gazeti kuukuu. Nililinyoosha gazeti nikalitazama. Palikuwa na msimamo wa ligi ya daraja la tatu, na mkiani ilikuwapo klabu ya mji mdogo wa washona viatu. Niliionea huruma. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika historia yake.

Sikujua Kihispania. Nilinunua kamusi, nikajipangia maneno kumi kila asubuhi, na daftari moja kwa kila msimu wa klabu. Nikagundua kuwa maneno yao mengi yana ndugu katika Kiarabu, na kwa hiyo katika Kiswahili chetu cha nyumbani. Nikajiwekea kanuni: penye ndugu, nitamtumia ndugu, neno la Kiingereza sitaligusa. "Jezi" nikaikataa papo hapo. Wahispania husema camiseta, Waarabu husema qamis, na mimi nilikumbuka kumsikia mama, nikiwa mdogo, akimtajia fundi cherehani neno "kamisi". Nikaridhika.

Baada ya miaka miwili nilikuwa na sura tatu, na nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza klabu ile ilifanya nini. Tegemeo langu lilikuwa mjomba, kaka yake mama, aliyefundisha Kiswahili Unguja kabla ya kuja huku kwa Waarabu. Mimi nimezaliwa huku. Bila yeye kunisahihisha, kitabu kisingekuwa kitabu.

"Ijumaa baada ya chakula nisomee sura moja," alisema. "Nikisinzia, usinihangaishe tena."

Basi Ijumaa, nyumbani kwetu Sib, nikasimama mbele yake, mama na dada yangu, nikasoma sura ya tatu.

"Siku ya mechi ya kupanda daraja, wachezaji waliingia uwanjani na kamisi za kijani."

Dada akaweka kikombe chini.

"Mvua ikanyesha, kamisi zikawagandama. Nahodha alipofunga bao alivua kamisi yake, akaibusu mbele ya mashabiki, na refa akampa kadi."

"Alistahiki!" dada akapasuka kwa kicheko.

"Mwanangu," mama akauliza, "wanaume wazima hao?"

"Ndiyo, mama. Washona viatu."

"Na hizo kamisi wamevaa juu ya nini?"

"Juu ya mwili mtupu."

Mama akajifunika uso kwa mtandio, akakimbilia jikoni. Mjomba alikuwa macho kabisa.

"Unajua kamisi ni nini?"

"Shati, mjomba. Qamis."

"Hiyo ya Kiarabu. Kamisi ya Kiswahili mwanamke huvaa ndani ya gauni, mwili usionekane."

Nikapekua kurasa. Kamisi zilikuwa kila mahali. Katika sura ya pili mwenyekiti wa klabu aliziagiza kwa jumla, na mlinda mlango, kwa sababu ya ukubwa wa kifua chake, alishonewa ya peke yake. Nikaanza kukunja karatasi.

"Mbona wakunja?"

"Nimeshindwa, mjomba."

"Nlisema nikisinzia. Nimesinzia?"

Mama akatokea mlangoni na dele la kahawa, macho bado yana machozi ya kicheko.

"Kwani hao watu walipanda daraja, au hawakupanda?"

Miaka miwili nilikuwa nikilingoja swali hilo.

"Hawakupanda, mama. Walifungwa dakika ya mwisho."

"Masikini! Na mvua ile, na kamisi tupu."

Mjomba akanyoosha mkono. "Lete. Na zile sura mbili nyengine."

Alinirudishia Ijumaa iliyofuata. Kila kamisi ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu na juu yake pameandikwa jezi, isipokuwa moja, ile aliyoibusu nahodha. Pembeni mjomba ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Hii mama yako amekataa isiguswe."