Kipande cha Rasta Kati ya Nyuzi

Kasilda Selestini husuka nywele Shanwe, mjini Mpanda. Gitaa lake hutundikwa ukutani, juu ya mashine ya kukaushia nywele. Wateja wakiwa wachache hupiga, wakiwa wengi husuka.

Alifundishwa na baba yake huko Karema, mtu aliyepiga nyimbo za kwaya asubuhi ya Jumapili na rumba mchana wake, kwa gitaa lilelile, bila kuona haya. "Kanisani charaza nyuzi zote pamoja, watu wapate pa kusimamia," alimwelekeza. "Kwenye rumba donoa mmoja mmoja, kama kuku." Kasilda alishika yote mawili. Mtindo wa tatu aliutafuta mwenyewe mwaka huu, kwa ajili ya Josephina.

Josephina, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa na Yotham, kijana wa Kisukuma kutoka Kakese. Kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti, Kasilda alitaka jambo moja tu: wakwe wasibaki vitini kama wageni huku ndugu wa Karema wakicheza. Wapate wimbo wao, kutoka mkononi mwake.

Mteja mmoja Msukuma alikuwa na tabia ya kuimba kwa mdomo uliofumbwa akisukwa. Kasilda akayachukua mahadhi yale vidoleni, kidogo kidogo. Tatizo likawa sauti: gitaa lilivuma mno, halikufanana na zeze alilowahi kulisikia mnadani. Akakata kipande cha rasta, nywele za bandia za kusukia, akakipitisha kati ya nyuzi, karibu na zinapofungwa. Sauti ikakauka, ikawa fupi. Akaridhika. Maneno ya wimbo hakuuliza. Mpiga gitaa, alijiambia, haimbi.

Siku ilipofika, alianza na wimbo wa kwaya, ukumbi mzima ukaimba. Akapiga rumba; wajomba wa Karema wakatoka na wake zao, wakicheza taratibu kama wanaopima sakafu. Upande wa Kakese walipiga makofi ya adabu, wamekaa. Ndipo Kasilda akapenyeza rasta yake, akaanza wimbo wa Kisukuma.

Wakwe wakatazamana. Hakuna aliyesimama. Mzee Amosi, baba wa Yotham, aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

"Mama Josephina!" aliita Doto, shangazi wa bwana harusi. "Huo si wa kulimia? Sisi tumekuja kuchukua mke, wewe unatupeleka shamba!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Josephina akajifunika uso. Kasilda alihisi masikio yanawaka, lakini mkono haukusimama. Baba yake hakumfundisha kuacha katikati.

"Basi limeni!" akajibu. "Au nyie wakwe zangu ni wavivu?"

Mzee Amosi ndiye aliyeinuka kwanza, machozi ya kicheko yakimtoka. Akavua koti, akamkabidhi mkewe, akainama na kunyanyua jembe lisilokuwepo. Kakese yote ikamfuata. Walipanga mstari, wakaupalilia ukumbi kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya keki. Wajomba wa Karema, wavuvi wasiopatana na jembe, wakajipachika mwishoni, wakilima ovyo huku wakizomewa.

"Wa harusi upo," Doto alimwambia wakati wa chakula. "Nitakuja unisuke, nikuimbie."

Alikuja Jumatano, akaimba kuanzia utosini hadi kisogoni. Safari hii Kasilda aliuliza kila neno, na kichwa kile kilichelewa sana kuisha.