Nilimpakia Baba Kwenye Jeneza Akiwa Hai

Baba yangu alibebwa kwenye jeneza la msikiti, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, akiwa hai anapumua.

Na aliyempakia humo ni mimi, binti yake wa kumzaa.

Msinitukane kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza, tukaneni mnavyotaka.

Naitwa Ghita. Naishi Fes, ndani kabisa ya mji mkongwe, huko ambako gari haliingii. Nina nyumba ya wageni ya kizamani, riyadi, vyumba sita vimezunguka ua, chemchemi katikati, vigae vilivyobandikwa na babu wa babu yangu.

Miaka kumi na mbili kazi yangu ni moja tu: kuwashawishi watu wasiende kulala kwenye hoteli za kisasa za mji mpya.

"Hoteli ina lifti," nawaambia wageni. "Nyumba yangu ina roho."

Maneno matamu, eti? Niliyasema mpaka nikayaamini mwenyewe.

Basi, mwezi wa pili Baba akawa anakuja kutoka Casablanca, anakoishi na kaka yangu Anouar. Haji Tayeb, miaka sabini na nane, moyo unamsumbua, anakunywa vidonge vya kila rangi. Alikuwa anakuja kwenye harusi ya ukoo, akae wiki moja.

Anouar akanipigia simu.

"Nimemchukulia Baba chumba hotelini, mji mpya. Lifti ipo, na hospitali iko ng'ambo ya barabara."

Nililipuka.

"Unasemaje? Baba alale hotelini na mimi nina nyumba? Majirani wataniona mtu kweli? Na wageni wangu niwaambie nini, kwamba nyumba hii inamfaa kila mtu isipokuwa baba yangu?"

"Ghita, kutoka kwako mpaka lango la mji mkongwe, gari linakoishia, ni robo saa kwa miguu, tena ngazi tupu. Likitokea jambo je?"

"Jambo gani? Wewe ndiye unayemwombea mabaya!"

"Haya, muulize mwenyewe."

Akampa Baba simu. Nikamuuliza, ila si kuuliza kule kwa kuuliza. Nilimwambia, "Baba, kumbe unataka kunikimbia mwanao?"

Akacheka kidogo. "Popote, binti yangu. Popote mtakaponiweka."

Nikakata simu nashangilia. Nimeshinda!

Anouar alinuna, akamleta Baba kwangu, yeye akaenda kulala kwenye hoteli yake.

Siku tatu za kwanza zilikuwa raha tupu. Baba anakaa uani, majirani wanakuja kumsalimia, mimi napita na chai ya mnanaa huku nimevimba kichwa. Nilipiga hata picha nikazirusha mtandaoni: "Hata baba yangu amechagua riyadi."

We acha tu.

Siku ya nne ni Ijumaa. Baba hakwenda msikitini, alisema miguu mizito. Swala ikaisha, nikapakua kuskusi, chakula chetu cha kila Ijumaa, nikageuka nimpe kijiko.

Nikamkuta kaegemea nguzo. Jasho linamtiririka. Mdomo umeanza kwenda upande.

"Baba!"

Akajibu kitu, lakini maneno yalikuwa yanaburuzika, sikuelewa hata moja.

Nilimpigia Anouar.

"Nakuja langoni na gari," akasema. "Mleteni langoni, Ghita! Haraka!"

Mleteni. Kwa usafiri gani?

Wasukuma mikokoteni wote walikuwa wameshakwenda kwao kula kuskusi. Punda hakuna hata mmoja. Maduka yamefungwa. Nilisimama kichochoroni nikapiga mayowe kama mwehu.

Akatokea jirani yangu Hammou, fundi wa ngozi, mwenye mabega kama mlango. Ametoka kuswali na wadogo zake watatu. Akamchukua Baba mgongoni. Hawakufika mbali, Baba akaanza kukoroma. Tukamlaza chini.

"Huyu anatakiwa alale, dada Ghita," Hammou akasema. Akasita. "Jeneza la msikiti wetu mdogo lipo hapo nyuma."

"Hammou, umerukwa na akili?"

"Nionyeshe kitu kingine cha kubebea mtu aliyelala, kinachopita kwenye vichochoro hivi."

Sikuwa nacho. Nikasema, lileteni. Mungu anisamehe.

Tukamlaza Baba juu ya mbao zile, mimi mwenyewe nikamfunika blanketi jeupe la sufu. Akalivuta kwa mkono wa kushoto mpaka usoni. Hakutaka watu wa mtaa wake wa utotoni wamwone mdomo ukiwa vile. Nikamwachia. Aibu ni yake, mimi ni nani nimfunue?

Wakanyanyua, tukaanza kukimbia.

Jamani, sikuwahi kuona njia inafunguka namna ile. Msikiti mkubwa huchelewa kumaliza, watu walikuwa ndio wanamwagika kutoka humo. Wakiliona jeneza wanabana ukutani, wanaanza kutamka shahada kwa sauti. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, tutafika!

Kumbe ndio kwanza kimenuka.

Kwetu jeneza likipita mwanamume haliangalii tu. Anatia bega hatua chache kutafuta thawabu, kisha anampisha mwingine. Mmoja akamgusa Hammou, "Nipishe, ndugu yangu." Mwingine akamtoa mdogo wake. Dakika mbili hazikupita, wote wanne walikuwa wametemwa pembeni, na Baba yuko mabegani kwa watu wasiojua lolote.

"Yuko hai!" nikapiga kelele. "Jamani, yuko hai! Mpelekeni langoni!"

Mzee mmoja akanigeukia kwa huruma. "Subira, binti yangu. Wote tunasema hivyo siku ya kwanza."

"Siyo hivyo! Anapumua!"

"Rudi nyumbani, dada. Wanawake hawafuati jeneza."

Hammou naye alikuwa anapaza sauti nyuma, lakini shahada za watu mia zilimmeza.

Tukafika njia panda. Kulia ni lango, ni Anouar, ni gari, ni hospitali. Kushoto ni msikiti mkubwa.

"Imamu hajaondoka bado!" mtu akasema. "Kazeni mwendo tumuwahi!"

Wakakata kushoto.

 Nilivamia. Niliuma mkono wa mtu, kweli nauma, naonja jasho. Niling'ang'ania mguu wa jeneza nikaburuzwa, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Watu wananibandua vidole kwa upole, wananiombea. Upole ule ndio ulikuwa unamuua baba yangu.

Walimshusha mbele ya mlango wa msikiti. Safu zikaanza kupangwa.

Nikajirusha juu yake, nikalivuta blanketi likamtoka usoni.

Macho yalikuwa wazi. Yananitazama.

Akanyanyua mkono wa kushoto.

 Vurugu! Waliokimbia walikimbia. Aliyezimia alizimia. Yule mzee wa subira akakaa chini akashika kichwa. "Ya Rabbi! Binti yake alisema, na sisi tukamkatalia!"

Kisha watu walewale wakanyanyua lile jeneza na kurudi mbio kwenye njia panda, wakapanda kulia, wanalia, wanapishana mabega, mpaka langoni.

Anouar alipotuona tunakuja na jeneza alipiga magoti pale kwenye lami. Nikamzaba kofi. "Endesha!"

Akaendesha.

Daktari hakutuzungusha. "Ataishi. Lakini mmechelewa. Kwa kiharusi kila dakika ina kazi yake."

Upande wote wa kulia umekufa. Na sauti imekwenda.

Tukakaa na Anouar kwenye benchi la korido. Nikaanza mimi. "Sema. Sema kwamba uliniambia. Nitukane, nimestahili."

Hakunitukana. Alikuwa analia kimyakimya.

"Ghita, ile hoteli haikuwa wazo langu."

"Unamaanisha nini?"

"Baba ndiye aliyeomba. Alisema anaziogopa zile ngazi, kifua chake kinamwambia hatazipanda tena akashuka salama. Akaniapisha nisikwambie. Alisema, 'Ghita ataumia, sema ni wewe.'"

 Nilitaka ardhi inimeze pale pale.

Baba yangu aliogopa kuniumiza kuliko alivyoogopa kufa. Na mimi nilipomuuliza anataka kulala wapi, nilikuwa nimeshika jibu langu mkononi nangoja alitie sahihi.

Sasa ni miezi saba. Wageni bado wananipigia: riyadi au hoteli? Siku hizi nawauliza nani ana moyo, nani ana magoti mabovu, nani mjamzito. Wengine nawaelekeza mji mpya mwenyewe. Wenzangu wa biashara wananiona nimechanganyikiwa.

Wewe unayesoma, mzazi wako akikwambia "popote mwanangu", usishangilie. Kaa naye. Muulize tena, umnyamazie mpaka aseme la moyoni, hata kama litakuuma.

Mimi humuuliza Baba kila siku. "Baba, unataka ukae wapi? Kwangu, kwa Anouar, wapi?" Naapa, safari hii nitamsikiliza.

Ananitazama tu. Midomo inacheza, na hakitoki kitu.