Nilivyoweka kikombe cha kahawa chini kwenye nyumba ya watu Bawshar, Muscat, na ajira ikiwa inaning'inia

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, wengine mambo zenu.

Huwa nasoma tu humu na kupita kimya kimya, ila jana mke wangu kaniambia hii stori nisipoiandika ataiandika yeye na atanichafua. Kwa hiyo naiandika mwenyewe, kama ilivyokuwa. Hakuna kamba humu, anayetaka kuamini aamini.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mtoto wa Morogoro. Niko Muscat mwaka wa pili sasa, nafundisha shule moja binafsi ya mchanganyiko. Jina la shule halina umuhimu, msinifuate PM kuuliza.

Kwa wanaodhani kufundisha Uarabuni ni kula bata tu: naishi Wadi Kabir, chini yangu kuna gereji, asubuhi naamshwa na nyundo. Wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, na mpaka leo Jumapili nikienda kazini najiona kama nimekosea. Darasani kuna kiyoyozi cha kukugandisha mafuta mwilini, ukitoka nje unakutana na joto la kukufungua kinywa. Watoto wenyewe wana adabu, wanakuita "Teacher" hata ukikutana nao sokoni. Shida siyo watoto.

Shida ni grupu la wazazi kwenye simu. Ukimpa mtoto alama mbovu saa sita, saa saba mudira, yaani mkuu wa shule, ameshapigiwa.

Twende kwenye kisa.

Nina mwanafunzi, nitamwita Raya. Binti mchangamfu, ana maneno, ila mvivu wa kalamu. Nikawapa insha ya muhula, ile yenye uzito kwenye matokeo. Raya akaleta kitu kimenyooka utadhani kimeandikwa na profesa. Nikamwita mezani, nikamwambia nieleze aya ya pili inasema nini.

Akaangalia dari.

Nikamuuliza maana ya neno moja aliloandika mwenyewe. Akaangalia viatu.

Wakuu, ni AI hiyo, na wala hakujisumbua kuisoma. Nikampa sifuri. Sikuwa na hasira naye, lakini wenzake walikesha na madaftari, ningewaangaliaje?

Kesho yake mudira akaniita ofisini. Mama mmoja mpole, lakini ule upole wa kukuogopesha. Akafunga mlango mwenyewe.

"Baba yake Raya anataka kukuona. Nyumbani kwake, Alhamisi baada ya Alasiri."

Nikamuuliza kama ni lazima niende nyumbani kwa mtu.

Akaniambia, "Ustadh, wiki ijayo tunaanza kusaini mikataba mipya. Nenda ukayamalize."

Hakusema zaidi ya hapo, na mimi siyo mtoto. Nilielewa.

Mjue hivi: mke wangu na binti yetu walikuwa wamefika hawana muda mrefu. Visa yao imeegemea yangu. Mkataba ukikatika, tunafungasha wote watatu. Mtoto kashaanza shule, mama yake kashazoea, na Morogoro nafasi yangu ya kazi ina mtu mwingine siku nyingi. Nilipomwambia mke wangu "nimeitwa", akanijibu, "Kampe huyo mtoto alama zake, Baba Neema, sisi tumefuata maisha huku, siyo haki."

Iliniuma. Iliniuma kwa sababu hata mimi nilishaanza kuwaza hivyo hivyo.

Alhamisi nikachukua teksi hadi Bawshar. Kule ni majumba ya ukuta mrefu, barabarani humwoni mtu anayetembea kwa miguu. Dereva kanishusha, nikabaki peke yangu mbele ya geti, shati limenilowa mgongoni, natamani kukimbia.

Nikapokelewa na baba mwenyewe. Mtu mzima, kanzu nyeupe imenyooka, sauti ya chini. Akanipeleka majlis, sebule ya wageni, tunakaa chini kwenye mazulia. Alikuwepo na mdogo wake, ami yake Raya, jamaa wa sura ngumu ambaye tangu naingia hakupepesa macho.

Na pembeni karibu na mlango alikaa bibi mmoja. Kumbe ni mama mkwe wa yule mzee, bibi yake Raya mzaa mama, mtu wa Unguja kabisa. Baba mwenyewe ni wa bara ya huko ndani, Sharqiyah, Kiswahili hajui. Bibi aliposikia mwalimu ni Mtanzania kaja kuniona tu.

"Karibu mwanangu. Nnafurahi kusikia Kiswahili, humu ndani wananijibu Kiarabu tu."

Nikajisikia nafuu kidogo. Kidogo tu.

Ikaja halwa, zikaja tende. Halafu ami akasimama na birika, akanimiminia kahawa kwenye kile kikombe kidogo kisicho na mkono.

Sasa hapa nisimame kidogo. Mimi nina vidonda vya tumbo. Daktari wa nyumbani alinipiga marufuku kahawa, na ile ya kwao ni kali haswa. Shuleni nakunywa maji yangu, na nyumba ya Muomani sikuwahi kuingia kabla ya siku ile. Nyumbani tumelelewaje? Ukipewa kitu kwa watu hukatai, unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakiweka mbele yako. Usipokula basi, lakini umepokea. Hiyo ndiyo heshima.

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikashukuru. Nikakiweka chini, mbele ya goti langu.

Aisee.

Ami aliganda pale pale na birika lake. Baba yake Raya, aliyekuwa anafungua mdomo kunikaribisha, akaufunga. Wakatazamana.

Nikatabasamu. Hakuna aliyetabasamu.

Baba akarekebisha mkao, akakaa wima kama anasikiliza kesi. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Sema."

Niseme nini? Si yeye kaniita? Nikajua tayari, hii ni hukumu, natakiwa nijitetee. Jasho likaanza upya na baridi yote ile ya kiyoyozi. Nikaanza kubabaika kuhusu mwanafunzi mzuri, shule nzuri, hali ya hewa. Ami akasema kitu kwa Kiarabu, kikali. Baba akamnyamazisha kwa kidole kimoja.

Ndipo bibi akaniokoa.

"Mwanangu, una ombi gani? Liseme tu. Hawa watakaa hivyo hivyo mpaka Magharibi."

"Ombi? Bibi, mimi sina ombi lolote."

"Mbona umeweka kikombe chini hujanywa?"

Nikamwangalia. Akanieleza kwa sauti ya kunong'ona, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Kwa watu wa kabila la mkwewe, mgeni akiweka kahawa chini bila kuionja maana yake amekuja na haja nzito. Hanywi mpaka mwenye nyumba amsikilize. Na mwenye nyumba akikataa jambo analoliweza, mgeni akaondoka hajanywa, ni aibu kwake na kwa nduguze.

"Basi omba, mwanangu. Likiwemo katika uwezo wake, hatokunyima."

Wakuu, niambieni ukweli, mngeomba nini?

Mimi nilimwona mke wangu. Nikauona mkataba. Mzee huyu akimpigia mudira neno moja tu, nimepona, miaka miwili mingine mezani. Neno lilishafika kwenye ulimi.

Lakini nikaona na kinachofuata. Nikiomba ajira, nimekuwa mtu wake. Kesho ataomba na yeye, nitakataa kwa mdomo gani? Ile sifuri itafutika, na darasa zima litajua, maana watoto wanajua kila kitu. Nitasimama ubaoni nafundisha nini?

Nikasema kwa Kiingereza, ile pumzi moja:

"Ombi langu, mzee, Raya aandike insha upya. Mbele yangu, kwa mkono wake, bila simu. Na alama atakayoipata, iwe ndogo iwe kubwa, isiguswe na mtu. Hata na wewe."

Lile "hata na wewe" sijui lilitoka wapi. Lilitoka lenyewe.

Ami akaweka birika chini kwa kishindo. Bibi akashika kinywa. Baba akanitazama muda ambao nilihisi naweza kuzeeka pale kwenye zulia. Nikaanza kupanga mizigo kichwani, begi la mtoto, vyombo, nani tutamwachia friji.

Mwisho akashusha pumzi.

"Abshir," akasema. Wanaoishi huku mnalijua hilo, ni kama kusema umelipata. "Sasa kunywa kahawa yako."

Nikanywa, ningefanyaje? Tumbo likawaka moto papo hapo. Ami akanimiminia tena, nikanywa. Akamimina tena. Mimi nikidhani hiyo ndiyo adhabu yangu, bibi akapaza sauti, "Tikisa kikombe, mwanangu! Usipokitikisa atakumiminia mpaka ufe!"

Nikakitikisa. Hata ami alicheka.

Kunisindikiza, baba alinipa mkono tu. Nilirudi Wadi Kabir nimeinama kwa maumivu, namweleza mke wangu nilichoomba. Alikaa kitandani akalia. Hatukusemeshana mpaka Jumamosi, na sikumlaumu.

Jumapili Raya alibaki darasani na kalamu. Akaandika habari za bibi yake anayeongea Kiswahili peke yake jikoni. Makosa yamejaa, tahajia imekufa, lakini ni yake kila neno. Akapita, kwa kujikongoja.

Wiki hiyo hiyo mudira akanisogezea mkataba nisaini. Hakuuliza kitu na mimi sikuuliza, nilisaini haraka asije akabadili mawazo.

Natoka getini, gari likasimama, kioo kikashuka. Ni baba yake Raya, kaja kumchukua binti.

"Ustadh, unajua kwa nini nilikuita siku ile?"

Nikamwambia bado najiuliza.

"Nilitaka kukuomba ubadilishe alama. Ungekataa, mkataba huo usingeuona. Nilikuwa nasubiri umalize kikombe cha kwanza tu, kwetu mgeni hasumbuliwi na maneno kabla hajanywa." Akatikisa kichwa. "Ukakiweka chini. Ukaniwahi nyumbani kwangu mwenyewe."

Sikuwa na moyo wa kumwambia habari za vidonda vya tumbo.

Akawasha gari. "Ukija tena," akasema, "utakunywa maji."

Nilichojifunza wakuu: ukifika nchi ya watu, uliza hata kikombe kinashikwaje, maana adabu ya kwenu inaweza kuwa neno zito kwao. Na ukipewa nafasi moja ya kuomba, angalia unachoomba, kuna maombi yanayokufunga kamba shingoni.

Mke wangu bado anasema nilikuwa mjinga mwenye bahati. Mlioko Uarabuni na mlioko Moro, tuamueni mimi na huyu mama hapo chini: ingekuwa wewe, na mtoto wako kashaanza shule, ungeomba nini?