Mgomba Haujaibuka

Sifa ni kwa Mungu aliyeyafundisha maji kuteremka na kumfundisha mwanadamu kuogopa kwa kiasi. Amenipa miaka mingi, magoti yanayonifikisha kanisani bila fimbo, na kazi ambayo wenzangu wengi hawakuijua hata kwa jina. Kwa neema yake naandika haya bila hasira, lakini pia bila kuomba radhi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilibeba boti kichwani. Nilikuwa nimemaliza chuo cha Biblia na nilitumika kama mwinjilisti wa mtaa mdogo upande wa Kimuli. Kampuni moja ya utalii ilikuja kutafuta wabebaji. Ilikuwa imegundua kijito chetu, kile kinachotoka kwenye bonde la mafunjo, kinapita kwenye mawe kwa kasi, kisha kinaanguka kimo cha watu wanne waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwingine. Boti zao waliziita kayaki. Kayaki ni boti nyembamba ya plastiki ya mtu mmoja, ambaye huketi ndani amenyoosha miguu na kupiga kasia lenye bapa pande zote mbili.

Njia ilipita katikati ya vibanja, mashamba yetu ya migomba na kahawa. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia kahawa aliinua kichwa akaniona.

"Mwinjilisti! Mtumbwi wako wa kukamulia ndizi mbona mdogo hivyo? Utatoa pombe ya rubisi kikombe kimoja!"

"Shikamoo, mama. Huu si wa ndizi, ni wa kupanda."

"Marahaba. Kupanda kwenda wapi?"

"Maporomokoni."

"Kutoka chini kwenda juu, au kutoka juu kwenda chini?"

"Juu kwenda chini."

"Basi boti ya nini?" akasema, akarudi kwenye jembe lake. "Mtafika tu."

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mkuu wa Msafara, mtu mzima kutoka upande wa Uganda, Mkatoliki, mfupi, mwenye mabega kama ya fahali. Ndiye aliyeniona nikiyatazama maji badala ya kuwatazama wageni, akaniuliza kama naweza kuogelea. Nilisema naweza. Akasema, "Hapana, unaweza kutozama. Kuogelea nitakufundisha."

Alinipeleka kwenye mto mkubwa wa kwao kwa misimu miwili. Huko nilijifunza kuvaa sketi, na vijana msicheke. Sketi ni kitambaa kizito cha mpira kinachofungwa kiunoni na kuziba mdomo wa boti ili maji yasiingie. Nilijifunza kujigeuza, yaani boti ikipinduka nawe ukiwa kichwa chini, unafagia maji kwa kasia na kuinuka tena bila kutoka ndani. Nilijifunza kutafuta kimbilio, lile eneo la maji tulivu nyuma ya jiwe ambapo unaweza kupumzika na kufikiri. Zaidi ya yote nilijifunza kuogopa kinu. Hilo ndilo jina tulilolipa shimo lililo chini ya maporomoko, mahali ambapo maji yanaanguka, yanazunguka na kujirudia. Kinachoingia humo hutwangwa.

Baraza la wazee wa usharika liliniita. Walisema ni aibu mwinjilisti kuvaa kofia ya plastiki na kucheza majini na wageni. Niliwajibu kwa heshima kwamba Bwana hakuwachukua wanafunzi wake wa kwanza kutoka ofisini. Mwenyekiti alicheka kabla hajajizuia, na kesi ikaishia hapo.

Baada ya hapo nilipangiwa Mto Kagera, upande wa Kyerwa, kuwaongoza wageni kwenye maji mapana yasiyo na kelele. Kazi hiyo ilinifundisha subira. Kisha nikarudishwa kwenye kijito chetu nikiwa Mkuu wa Usalama, cheo nilichokaa nacho hadi mwisho.

Sasa niwaeleze jinsi tulivyokagua maporomoko, maana jambo lote linasimama hapo. Juu ya mwamba kulikuwa na mistari mitatu ya rangi. Maji yakifika mstari mweupe, ni salama. Yakifika wa njano, tafakari. Yakifika mwekundu, nenda nyumbani. Lakini Mkuu wa Msafara hakuridhika na mistari. Kila asubuhi tuliomba kwa mwenye kibanja kipande cha mgomba ambao ndizi zake zimeshakatwa, kirefu kama kiwiliwili cha mtu. Mgomba huelea, ni mzito, umejaa maji kama sisi. Tuliusukuma mahali ambapo boti ingepita, tukahesabu mpaka uibuke chini ya kinu.

Saa zetu zilikufa moja baada ya nyingine kwa kuingia maji, kwa hiyo tulihesabu kwa sala. Yeye alitumia Salamu Maria, mimi Baba Yetu, na tulibishana miaka yote ipi ni ndefu zaidi. Kwa hesabu yangu, mgomba ukiibuka kabla sijafika kwenye riziki, tunashuka. Ukichelewa, tunatupa wa pili. Nikifika Amina na bado haujaonekana, tunabeba. Kubeba ni kutoka majini, kuweka boti begani na kuteremka kwa miguu kupitia kichakani. Mkuu wa Msafara alikuwa akisema, "Maji hayana kinyongo, na hayana urafiki. Yaulize kila siku." Tuliyauliza kila siku, na katika miaka yangu yote hatukumzika mtu.

Alipostaafu, kampuni ilileta Mkuu wa Mafunzo kutoka mjini. Sitamsema vibaya. Alikuwa mpiga kasia hodari kuliko mimi nilivyowahi kuwa, na alitufundisha mengi. Wakati huo nilikuwa na mwanafunzi mmoja, Kokuhirwa, binti wa mjane wa Kihanga, ambaye sote tulimwita Koku. Alikuwa ameshashuka maporomoko yale mara nyingi. Alijigeuza majini kwa wepesi wa samaki, na akikosea alijicheka kabla hujamcheka.

Siku ninayoisema walikuja wageni na kamera, nyingine ikipaa juu kama kipanga. Walitaka kumpiga picha Koku akishuka, ili picha zake zilete wageni wengine. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima kisha ikaacha. Maji yalikuwa kwenye mstari mweupe. Nilisukuma mgomba. Nikasali hadi Amina, haukuonekana. Nikarudia sala yote, polepole. Haukuonekana. Nikasukuma wa pili. Huo uliibuka upesi, lakini wa kwanza tuliusubiri bure.

"Leo tunabeba," nikasema.

Mkuu wa Mafunzo alitazama mwamba. "Maji yako wapi, Mwinjilisti?"

"Kwenye mweupe."

"Basi?"

"Mstari unasema maji ni kiasi gani. Hausemi chini kuna nini. Kuna kitu kimeushika mgomba."

"Mzee wangu, hapa tuko kazini. Kanisani ni Jumapili."

"Ndiyo maana sijahubiri. Nimehesabu."

Wabebaji walicheka. Yeye pia alicheka, akavaa kofia yake, akafunga sketi, akaingia majini mwenyewe. Nilikimbilia chini na kamba ya kurushia. Sitasahau alivyoshuka. Alipiga kasia moja la mwisho ukingoni, boti ikaruka, ikatua kwa tumbo ng'ambo ya kinu, akatoka ameinua kasia juu. Wageni walipiga kelele za furaha. Tulipanda pamoja hadi walipokuwa wengine, yeye akitiririka maji.

"Mwinjilisti," akasema, "nimeibuka kabla hujasema 'Baba'!"

"Namshukuru Mungu. Lakini mgomba haujaibuka."

"Bado unasema mgomba?"

"Wewe umepita juu yake. Hujauondoa."

Alikunja uso. "Koku, jiandae."

Koku alikuwa ameshajiandaa. Nilishika kasia lake.

"Tata, niachie," akasema. Tata ni baba kwa lugha yetu, na hakuwahi kuniita vinginevyo. "Naweza."

"Najua unaweza. Sina neno juu yako. Nina neno juu ya maji."

"Yeye amepita na wewe umeona!"

"Nimeona. Angeyumba kiasi cha mkono mmoja tu, angeangukia ndani. Na kilichoushika mgomba kingemshika."

Mkuu wa Mafunzo alisogea. "Mwinjilisti, unanizuilia kazi mbele ya wageni."

"Kanuni uliyoiandika mwenyewe inasema mtu wa usalama akisema hapana, ni hapana."

"Basi kuanzia sasa wewe si mtu wa usalama."

"Sawa," nikasema. "Sasa namzuia kama mzee." Nikakaa juu ya boti ya Koku.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu mzima, mwinjilisti, nimevaa sketi ya mpira, nimekalia boti ya binti wa watu katikati ya mawe, kamera ikinizunguka kichwani. Mkuu aliniamuru niondoke. Mbebaji mmoja alinisihi kwa neno letu la heshima, "Waitu Mwinjilisti, tuhurumie, jua linachoma." Koku alilia kwa hasira, akasema nimemwaibisha, akasema hataniita baba tena. Niliumia kuliko nilivyoonyesha. Lakini sikuinuka. Nilikaa mpaka mawingu yakafunika bonde, wageni wakasema mwanga umeharibika, na kila mtu akapanda juu. Boti ya Koku niliibeba mwenyewe.

Kesho yake niliachishwa kazi. Habari zilifika hadi Rubwera. Vijana wa bodaboda wakanipa jina la Mzee Mgomba, na wakiniona walihesabu kwa sauti.

Msidhani nitawaambia kwamba baadaye ilithibitika. Kiangazi kilipopunguza maji, niliteremka peke yangu kuangalia. Nilikuta mti mzima umelala kwenye kinu, matawi yake yameelekea juu kama mikono. Je, ulikuwepo siku ile, au uliletwa na mafuriko ya baadaye? Sijui, na sitadai nisichokijua. Wala sihitaji. Mtu akivuka barabara amefumba macho asigongwe, huwezi kuwafundisha watoto kuvuka hivyo. Mkuu wa Mafunzo alipita salama, nami nilikuwa sahihi kukataa. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila kugombana, hata kama watu wanataka yagombane.

Koku alikuja nyumbani baada ya miezi mingi. Sasa anafundisha kwenye ule mto mkubwa nilikojifunzia mimi. Alinisalimu, akakaa, akala viazi na maharage. Kisha akasema, "Tata, bado naamini ningepita."

"Hata mimi naamini ungepita."

"Sasa?"

"Sasa umekuja hapa kuniambia."

Aliongeza maharage.

Kabla ya hapo alikuwa amekuja Meneja wa Kituo, mtu mpole, na karatasi mkononi. Alisema kampuni inanihitaji, wabebaji wananiulizia, na Mkuu wa Mafunzo yuko tayari kusahau. Ilibaki barua tu. "Andika kwamba siku ile ulikosea kukagua. Sentensi moja. Jumatatu unarudi kazini, na muda wako wa kustaafu ukifika tutakuaga kwa heshima na keki."

Mke wangu alikuwa akimenya ndizi. Alisema bila kuinua macho, "Meneja, karibu chakula. Lakini hapa hatuuzi uongo, hata wa rejareja."

Meneja alikula, akaniachia karatasi ile tupu, akasema nifikiri. Nimefikiri. Sikuagwa, keki sikuila, na kazi niliyoipenda ilikatika kabla ya wakati wake. Nashukuru hata hivyo, maana niliifanya kwa miaka mingi na niliiacha nikiwa nimekaa mahali pangu. Barua waliyoitaka sijaiandika. Karatasi ilikuwa nzuri, nisingeitupa, ndipo nilipoanzia kuandika haya mnayoyasoma.

Wewe unayesoma, uwe mpiga kasia, mkulima au karani, Mungu akulinde unapoingia majini na unapoyakataa. Akupe wakubwa wenye hekima. Akupe mikono yenye nguvu kwa kazi yako, na siku watakapokuambia uinuke uwapishe, akupe makalio mazito.