Salamu za Baada ya Kilio

Treni iliyonipeleka Kigoma ilikaa Tabora mpaka abiria tukaanza kuoga bombani kando ya reli. Mbele kidogo ikasimama tena porini, na mama mmoja wa behewa letu akashuka kununua asali, akarudi bila haraka yoyote. Uvinza walipanda watu na magunia ya chumvi, tukabanana. Nilipoliona ziwa nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nikajiambia, hapa nitakaa. Nilikuwa nimejiambia hivyo kwingine kwingi, kila nilikokwenda kutengeneza mashine za boti.

Nilipanga chumba Bangwe, kando ya ziwa, kwa mwanamke aliyeanika dagaa. Tulikuwa rika moja, nikamwita dada, yeye akaniita fundi. Aliishi na binti yake wa miaka kama mitano, na asubuhi ya kwanza mtoto huyo alinipokea kwa mayowe. Kisa, nilikuwa nimekaribishwa uji kwenye kikombe chake. Alijitupa sakafuni, akawa anagonga kisogo ukutani. Nikampa kikombe, akakirusha mpaka uani.

"Mwache, fundi," mama yake akasema. "Saa hizi hayupo hapa. Kikombe unampa nani?"

Akaketi chini, akaweka kiganja chake kati ya kichwa cha mtoto na ukuta, akatulia. Hakubembeleza wala hakukaripia. Kilio kilipokwisha aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akageuka na kuanza kupiga makofi taratibu, salamu ndefu ya Waha, ile wanayosalimiana watu wazima waliopoteana.

"Mwakeye!"

"Mwakeye," mtoto akajibu, kamasi zikimtiririka, naye akapiga makofi.

"Habari za huko ulikotoka?"

"Mbaya."

"Na watu wa huko, hawajambo?"

"Wanalia."

"Poleni sana. Karibu nyumbani."

Wakashikana mikono, kisha wakaenda pamoja kuokota kikombe. Nimezurura miji mingi, na sikumbuki mji ulionipokea vile.

Vilio vilikuja karibu kila siku: gauni likikwaruza shingo, ugali ukimegwa na mtu mwingine. Asubuhi moja wingu lilitanda juu ya ziwa na pwani nzima ikakimbia kukusanya dagaa. Mtoto akajitupa katikati ya dagaa wao akipiga kelele kwamba wasiondolewe. Mama yake alitua beseni akaketi naye pale pale mchangani. Mimi nilikusanya nilichoweza. Dagaa waliobaki walinyeshewa wote.

"Mwenzangu, huyo ana mapepo," jirani yake alipaza sauti, beseni kichwani. "Kama si maombi, basi fimbo!"

"Wewe ulipigwa sana, shoga. Ndiyo maana umekuwa mpole hivyo?"

Pwani nzima ikacheka, na jirani mwenyewe akacheka. Lakini jioni nilimwona dada akitenganisha dagaa waliooza.

Kilichomtia hofu hasa kilikuwa shule. Mwalimu wa darasa la awali alimwita akamwambia waziwazi: "Mama, simchukii mwanao. Lakini akianza yeye, wote wanaanza. Ikifika likizo bado yuko hivi, itabidi akae nyumbani mpaka mwakani."

Dada aliogopa huo mwaka. Alijua mtoto akirudishwa ataitwa kichaa mtaa mzima, na jina hilo halibanduki. Akaomba kitu kimoja tu, kwamba kilio kikianza mtoto aruhusiwe kumfuata nje, na kikiisha arudi. Mwalimu akakubali, basi ikawa kila asubuhi, akishaanika, anakwenda kuketi chini ya dirisha la darasa. Wakubwa wa darasa la saba walimwita mwanafunzi mpya. "Shikamoo, mwanafunzi!" Naye aliitikia, "Marahaba, kaka zangu, nisaidieni hesabu."

Safari za mtoto kutoka nje zilipungua, polepole mno, kiasi kwamba mimi sikuona mpaka nilipoambiwa.

Kisha miguu ikaanza kuniwasha kwa hamu ya safari. Kulikuwa na kazi Mpanda, au nilijiambia ipo. Siku ya kuondoka, wiki ya mwisho kabla ya likizo, nilipita shuleni na begi langu kumuaga dada. Tukiwa tunaongea, mle darasani ikalipuka ile sauti ya mtoto. Dada akasimama. Kiti kikaanguka, watoto wakazomea, mwalimu akawanyamazisha. Dada akashika ukingo wa dirisha lakini hakuchungulia. Tulisubiri mtoto atoke. Hakutoka. Sauti ikashuka, ikawa kwikwi, kisha tukasikia darasa zima likiendelea kuhesabu.

Mwalimu akatoa kichwa mlangoni. "Ametulia mwenyewe, mama. Nenda nyumbani. Nafasi yake ipo."

Dada alikung'uta kanga yake muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. Akasema ana dagaa wa kugeuza. Tulitembea pamoja mpaka njia panda. Pale akateremka kuelekea ziwani akikaribia kukimbia, nami nikapanda barabarani kusubiri gari. Sikurudi tena Kigoma.