Shemeji kwenye Njia ya Machimbo

Alipomwona getini mara ya kwanza, Mama Geti alidhani shemeji yake kaleta habari ya msiba. Asubuhi ya siku ya kazi, mume wa dada yake, karani wa bima, amefunga tai na viatu vinang'aa, anafuata nini msituni?

"Kwema nyumbani, shemeji?"

"Kwema tu. Nipe tiketi."

"Ya nini?"

"Ya kutembea. Kwani hapa mnauza samaki?"

Wakacheka wote wawili, akapita.

Mama Geti hakuwa na mtoto. Jina hilo alipewa na watembeaji wa Jumamosi, kwa jinsi alivyowafokea kama wanawe: wewe rudisha huo mfuko wa plastiki, wewe na hivyo viatu vya harusi unakwenda wapi? Alikuwa amekaa miaka mingi kwenye kile kibanda, pale jiji linapoishia na msitu unapoanza. Kila aingiaye alimpa kibati chenye namba, na akitoka alikirudisha kwenye msumari wake ubaoni. Msumari ukiwa mtupu jioni, kuna mtu bado yuko ndani.

Kesho yake shemeji akaja tena. Na keshokutwa. Mkononi alibeba bakuli la chakula lenye mfuniko wa bluu, na Mama Geti alimjua vizuri aliyelifunga. Wiki zikapita. Mwisho akashindwa kuvumilia, akatoka kibandani.

"Shemeji, ofisini wanakupa likizo ya namna gani hii?"

Alitazama chini. "Kampuni imeuzwa. Sisi wa zamani tumeondolewa. Dada yako hajui, na nitamwambia nikishapata kazi nyingine. Tafadhali, usinivue nguo."

Mama Geti akakubali. Akamwambia tu asipite njia ya machimbo, kwa sababu kule juu uzio umeoza, na chini kuna shimo la zamani la mawe lililojaa maji. Shemeji akaitikia. Akaenda huko huko.

Jumapili Mama Geti alialikwa kwa dada yake. Dada alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele kilijaa sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo. Walikula wakiwa wamesogeza vitambaa pembeni.

"Siku hizi wanamtumikisha kweli huyu," dada alisema akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Anarudi hoi, viatu vimejaa matope. Hebu niambie mdogo wangu, ofisi gani ina matope?"

Shemeji aliacha kutafuna.

"Labda wanamtuma nje," Mama Geti akajibu. Alikunywa maji, akatazama dirishani, na hakuona alichokitazama.

Kisha ikaja siku ya mvua. Watembeaji walirudi mbio mmoja mmoja, wamejifunika magazeti na mifuko, wakitupa vibati mezani bila hata kwaheri. Ilipokaribia saa ya kufunga, msumari mmoja ulikuwa mtupu. Hakuhitaji kusoma namba. Alimwita mlinzi wa doria kwenye redio, na hakumsubiri. Akavaa koti la mvua, akapanda njia ya machimbo.

Alimkuta ng'ambo ya uzio, ameketi ukingoni, miguu ikining'inia juu ya maji. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga vizuri kando yake. Hivyo viatu ndivyo vilivyomwogopesha Mama Geti kuliko shimo lenyewe.

"Shemeji," aliita taratibu. "Nafunga geti."

"Funga tu."

"Sifungi mtu akiwa ndani."

Mvua ilikuwa ikipiga majani.

"Leo niliitwa kwenye usaili," alisema bila kugeuka. "Yule bwana hakuniangalia hata usoni. Kabla sijafika mlangoni, alishamwita mwingine."

"Nimekusikia."

"Nitamwambia nini yule mwanamke?"

"Tutamwambia wote. Mimi nimechoka kubeba, shemeji, na wewe umechoka. Nipe mkono. Naogopa, sitaki kusogea zaidi ya hapa."

Pengine lile neno, naogopa, ndilo lililomgeuza. Alirudi nyuma kwa makalio, pole pole, mpaka Mama Geti akamdaka shati. Mlinzi alipofika aliwakuta wamekaa kwenye matope, Mama Geti bado amelishika lile shati na hawezi kuliachia.

Mama Geti alimpeleka nyumbani mwenyewe, na akaeleza yote wakiwa wangali wamesimama mlangoni. Dada alisimamisha cherehani. Alimpa mumewe taulo, akamketisha, asimwulize lolote. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Na wewe ulijua."

"Aliniomba, dada..."

"Umekaa mezani kwangu, umekula chakula changu, ukanidanganya machoni. Ningemkosa mume wangu, na wewe ulijua! Ndugu yako ni nani, mimi au yeye?"

Mama Geti aliondoka mvuani.

Shemeji alipelekwa hospitali, akaanza kuonana na daktari kila wiki. Kazi hajapata, anapiga pasi sare na kushona vifungo. Kule machimboni umewekwa uzio mpya. Lakini dada hakupiga simu wala kupokea, na salamu za Mama Geti zilipita kwa watoto wa dada na kuishia huko.

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi moja, wawili hao walitokea getini. Daktari alikuwa ameagiza mgonjwa atembee, ila asitembee peke yake.

"Habari za kazi," dada alisema, kama mtu anayemsalimia asiyemjua.

"Nzuri, dada. Njia ya bondeni ni nyepesi, lakini chini kuna utelezi. Shikaneni."

Dada alipokea vibati na kuvitia mfukoni, kisha akamshika mumewe mkono wa shati, wakaingia msituni.